Korona, maji na mabaki ya mkonge: kuzungusha maji, mashine kavu, mabwawa au biogesi?

Katika kila kilo 100 za majani ya mkonge yanayopanda mezani kwenye korona, yaani mashine ya kusinga mkonge, singa (nyuzi ndefu) kavu zinazopatikana mwishoni ni kama kilo nne. Kilo nyingine zote ni nyama ya jani, utomvu na nyuzi fupi zilizokatika. Kwa usingaji wa maji uliozoeleka kwenye mashamba yetu, kila tani ya singa huacha nyuma takriban tani 25 za mabaki na mita za ujazo 100 za majitaka. Chukua kiwanda cha tani tano za singa kwa siku. Hapo pana tani 125 za mabaki na lita 500,000 za majitaka, yaani maboza 50 ya lita elfu kumi kumi, kila siku ambayo mashine inazunguka.

Suala hili limekuwa la haraka kwa sababu korona zinaongezeka. Mkonge umewekwa kwenye mazao ya kimkakati, taifa lilijiwekea lengo la tani 120,000 ifikapo 2025/26, na AMCOS, yaani vyama vya ushirika vya wakulima, ambazo kwa miaka mingi zilipeleka majani kwenye mashine za watu sasa zinataka mashine zao. Bodi inayonunua korona leo inaamua pia kiwanda kitakunywa maji kiasi gani kwa miaka mingi ijayo. Na wageni hawakosekani ofisini: huyu anauza mtambo wa biogesi, yule mashine isiyotumia maji, mwingine anachora mabwawa. Kila mmoja ana picha nzuri za mradi wake.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema: punguza maji yanayogusa mabaki kabla hujanunua chochote cha kuyasafisha. Mabaki yaliyolowa sana yanaharibu hesabu za njia zote nyingine. Yanataka bwawa kubwa zaidi, tangi kubwa zaidi la biogesi, na lori linalobeba maji badala ya mbolea.

Maji yanakwenda wapi

Jani linalazwa mezani kwa ubavu, mnyororo unalibana na kulipeleka kwenye ngoma ya kwanza. Visu butu vinaiponda nyama ya nusu ya jani, kisha jani linabanwa upande uliokwisha singwa na nusu iliyobaki inapita ngoma ya pili. Muda wote huo nozeli zinamwaga maji. Chini ya mashine kuna mfereji, na humo maji mengine yanapita kwa kasi kuyasukuma mabaki nje.

Kwa hiyo maji yana kazi mbili: kuosha singa na kusukuma uchafu. Watu wa kiwandani wanapoulizwa hutaja ya kwanza tu, lakini sehemu kubwa ya maji inakwenda kwenye ya pili, ambayo mkanda wa kusafirishia unaweza kuifanya bila tone. Simama nyuma ya korona siku ambayo trela la majani limechelewa. Meza tupu, ngoma inazunguka, na nozeli zote zinamwaga kama kawaida. Hakuna anayefunga, kwa sababu valvu kuu iko upande wa pili wa jengo na trela linaweza kufika wakati wowote.

Kuna mambo matatu ambayo sitayahesabu kama chaguo, kwa kuwa kila kiwanda kinapaswa kuyafanya: kufunga mita ya maji kwenye bomba linaloingia, kuunganisha valvu ya nozeli na mnyororo ili mnyororo ukisimama maji yasimame, na kubadilisha nozeli zilizolika. Hili la tatu linadharauliwa sana. Maji ya mto yana mchanga, na mchanga unakula tundu. Tundu la milimita 4 likitanuka hadi 6, eneo lake limezidi mara mbili, na kwa presha ileile maji yanayotoka nayo yanazidi mara mbili. Mafundi hawaoni tofauti kwa macho. Mita ndiyo inayoonyesha.

Kuzungusha maji

Hii ndiyo njia ninayoipa nafasi ya kwanza kwa kiwanda chenye korona ambayo tayari ipo. Maji yanayotoka chini ya ngoma yanapita kwenye chujio la kuzunguka linaloondoa nyama na nyuzi, yanatulia kwenye tangi hadi mchanga na tope vishuke, kisha pampu inayarudisha. Siri yake ni mpangilio: maji safi yaingie mwisho tu, kwenye suuzo la singa zinazotoka ngoma ya pili. Yaliyosuuzia hapo yakaoshe ngoma ya kwanza. Yaliyotoka ngoma ya kwanza yakafanye kazi chafu zaidi, ya kusukuma mabaki, kama mfereji bado upo. Ukiweza kuung'oa mfereji na kuweka mkanda, fanya hivyo mara moja, maana utapata mabaki yanayoshikika kwa koleo na majitaka machache.

Faida yake ya pili ni pesa, na iko kwenye chujio lenyewe. Nyuzi fupi zinazokwenda na maji zinakamatwa hapo. Zikioshwa na kukaushwa zinauzwa, kwa bei ya chini kuliko singa ndefu, lakini zinauzwa. Kiwanda kinachoacha kila kitu kiende na mfereji kinamwaga mali yake.

Tahadhari zake ni za kweli na muuzaji wa pampu hatazitaja. Utomvu wa mkonge una asidi. Maji yakizunguka mara nyingi asidi inajikusanya, sukari ya jani inaanza kuchacha, na ukizidisha singa zinatoka na rangi. Hapo unashusha daraja: shehena iliyostahili daraja zuri la 3L inaishia daraja la chini la UG, na pesa uliyookoa kwenye maji inapotea kwenye marobota. Dawa yake ni kuondoa sehemu ya maji ya mzunguko kila siku na kuingiza mapya, kupima asidi kila zamu kwa vikaratasi vya rangi, na kuweka chokaa inapobidi. Pampu ya chuma cha kawaida italiwa na asidi, kwa hiyo uliza mapema imetengenezwa kwa chuma gani.

Jambo jingine ni ngozi za watu. Utomvu wa mkonge unawasha. Wanaopokea singa mbichi na akina mama wanaoanika wanaujua vizuri. Maji ya mzunguko yana utomvu mwingi kuliko maji ya mto. Kama suuzo la mwisho halitumii maji safi ya kutosha, mwasho huo unahamia mikononi mwa waanikaji. Kiwanda kinachozungusha maji bila kununua glavu na buti kimehamishia gharama kwa wafanyakazi wake, na hilo silikubali.

Mashine kavu

Anayetaka kuona mkonge ukisingwa bila maji aitazame Brazil, mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani. Kule Bahia, kwenye nchi kame, wakulima wanatumia mashine ndogo za injini zinazokokotwa hadi shambani. Mtu anashika jani kwa mkono, anaingiza nusu kwenye ngoma, analivuta, analigeuza, anaingiza nusu nyingine. Mabaki yanabaki palepale shambani. Hakuna mfereji, hakuna bwawa, na hakuna nauli ya kusafirisha tani 25 za jani ili upate tani moja ya singa.

Kwa wakulima walio mbali na kiwanda, au wenye mkonge wa uzio kama ulivyo kwa wingi Kanda ya Ziwa, hesabu hiyo inavutia. Gharama ya kubeba majani mazito kwenye barabara mbovu inaweza kuimaliza faida yote ya mkulima.

Ila mashine hizi zina sifa mbaya inayojulikana tangu zamani: zinakata mikono. Mwendeshaji analisha ngoma kwa vidole vyake saa nzima baada ya saa, na jani linavutwa kwa nguvu. Bahia ina watu wengi waliopoteza vidole na viganja. Usinunue mashine ya aina hii isiyo na kinga ya mlango wa kulishia na swichi ya kuzima iliyo karibu na goti au mguu wa mwendeshaji. Mwendeshaji akisema kinga inapunguza kasi, anasema kweli, na bado kinga ibaki.

Udhaifu wa pili ni ubora na wingi. Singa isiyooshwa inakauka ikiwa na nyama na utomvu, rangi yake ni ya kijani au kahawia, na mashine ya brashi haiwezi kuirudisha kuwa nyeupe. Wengine hulowesha singa kwenye tangi kisha husuuza. Hilo linasaidia, na maji yake ni machache mno ukilinganisha na korona. Kuhusu wingi, mashine moja ndogo haitafikia korona hata ukiiendesha usiku na mchana. Kwa shamba la hekta mamia, si mbadala.

Mabwawa

Mabwawa ndiyo njia ya kawaida na ndiyo rahisi kujenga. La kwanza lenye kina, ambamo vijidudu visivyohitaji hewa vinakula uchafu. Kisha moja au mawili ya kina kifupi yanayopata jua na hewa. Yakichimbwa sawasawa na kuzibwa chini yasivuje, yanafanya kazi bila umeme.

Tatizo ni kiwango kinachotakiwa mwishoni. Kanuni za ubora wa maji za 2007, zilizo chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, zinataka majitaka yanayoingia mtoni yasizidi miligramu 30 kwa lita za BOD na 60 za COD, vipimo vinavyoonyesha uchafu huo utanyang'anya mto oksijeni kiasi gani. Utomvu wa mkonge una sukari na asidi nyingi. Hauwezi kushuka hadi hapo kwa dimbwi moja lililochimbwa na katapila wiki ya mwisho kabla ya ukaguzi wa NEMC, baraza la taifa la mazingira. Unahitaji eneo kubwa, na eneo hilo linapimwa kwa wingi wa maji. Ndiyo sababu kiwanda kilichopunguza maji kwanza kinachimba bwawa dogo.

Mabwawa pia hayapunguzi hata lita moja ya maji unayochota, yananuka, na methani inayotoka la kwanza inapotelea hewani. Nayakubali kama hatua ya mwisho ya njia nyingine. Peke yake, hapana.

Biogesi

Hii ndiyo inayoteka mioyo ya bodi, na nina sababu ya kuiheshimu: Tanzania ilitangulia. Kwenye shamba la Hale wilayani Korogwe, kampuni ya Katani kwa kushirikiana na UNIDO, shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda, na mfuko wa kimataifa wa bidhaa wa CFC ilijenga katika miaka ya 2000 mtambo wa kugeuza mabaki ya mkonge kuwa umeme, wenye jenereta ya kilowati 150. Kwa upande wa Kenya, shamba la mkonge na ng'ombe wa maziwa huko Kilifi lilichanganya mabaki na samadi kwenye mtambo wake. Kwa hiyo swali la kama inawezekana lilishajibiwa. Swali ni kama inakufaa wewe.

Mita moja ya ujazo ya biogesi yenye methani asilimia 60 hivi, ikichomwa kwenye jenereta, hutoa karibu uniti mbili za umeme. Kuendesha kilowati 150 kwa saa 24 kunataka uniti 3,600, sawa na mita za ujazo 1,800 za gesi, kila siku bila kukosa. Neno la kushika ni hilo la kila siku. Vijidudu vilivyomo tangini ni kama ng'ombe wa maziwa: ukivilisha leo, ukaviruka siku nne, halafu ukavimwagia chakula cha wiki nzima, vinavimbiwa. Asidi inapanda, gesi inakoma, na kuufufua mtambo kunaweza kuchukua wiki nyingi. Korona ya AMCOS inayosimama kwa sababu trekta limeharibika, mafuta yamekwisha au wakata mkonge hawajalipwa, haiwezi kulisha mtambo wa namna hiyo.

Kuna mambo mengine matatu ya kupima. Nyuzi fupi zinajisokota kwenye shafti za pampu na vikorogeo hadi vinasimama. Bila kuzichuja kwanza mtambo utakuwa gereji. Nyama ya mkonge ina kaboni nyingi na nitrojeni kidogo, ndiyo maana samadi inasaidia, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipochanganya mabaki ya mkonge na mabaki ya samaki walipata methani nyingi zaidi kuliko kwa mkonge peke yake. Ukiwa karibu na wafugaji au soko la samaki, umepata kiungo. La tatu ni mnunuzi wa umeme. Utaratibu wa wazalishaji wadogo unaruhusu miradi ya kuanzia kilowati 100 hadi megawati 10 kuiuzia TANESCO, lakini umeme wenye thamani kubwa kwako ni ule unaotumia mwenyewe kuzungusha korona na brashi, kwa sababu unafuta bili. Anza kupima hapo.

Faida moja sijaisikia ikisemwa vya kutosha: joto la jenereta. Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, singa zinalala kwenye nyaya za kuanikia zikinyeshewa na kupoteza rangi. Joto hilo likielekezwa kwenye kikaushio linaokoa daraja la singa katika miezi migumu kuliko yote. Kwa shamba kubwa, hilo pekee linastahili kuingizwa kwenye mchanganuo.

Biogesi haimalizi mabaki. Kinachotoka tangini ni uji ambao lazima upelekwe shambani. Kama hamna trekta na tela la kuusambaza, mtarudi kwenye bwawa.

Kurudisha shambani na malisho

Mkonge unakamua ardhi, hasa kalsiamu na potasiamu, na mashamba mengi ya Tanga yamevunwa kwa vizazi bila kurudishiwa. Mabaki yakiozeshwa kwa kugeuzwa geuzwa hadi yapoe na asidi ishuke, ni mbolea ya kurudisha kilichochukuliwa. Hii ndiyo njia ya bei ya chini kuliko zote kwa mabaki yaliyokauka kiasi, na haina maana kwa mabaki yanayochuruzika. Malisho ya ng'ombe yanawezekana, wafugaji wa Bahia wanafanya, lakini wanachekecha kwanza kuondoa nyuzi. Fundo la nyuzi tumboni linaua mnyama. Uyoga mamama nao unaota vizuri kwenye mabaki haya, ingawa utakula sehemu ndogo tu ya tani 125.

Kwa kutazama pamoja

| Njia | Maji yanayochotwa | Mabaki | Mtaji | Kinachoiangusha |
|---|---|---|---|---|
| Kuzungusha maji | Yanapungua sana | Yanashikika, nyuzi fupi zinauzwa | Wa kati | Asidi, rangi ya singa, pampu kuliwa |
| Mashine kavu | Karibu hakuna | Yanabaki shambani | Mdogo kwa mashine moja | Ajali za mikono, daraja la chini, uwezo mdogo |
| Mabwawa peke yake | Hayapungui | Hayaguswi | Mdogo, ila ardhi kubwa | Kufika BOD 30, harufu |
| Biogesi | Hayapungui yenyewe | Yanakuwa uji wa mbolea | Mkubwa | Kulisha kwa vipindi, nyuzi kwenye pampu |

Sasa nichague kwa hali tatu.

AMCOS yenye korona moja, iwe kwenye mashamba ya Hale, Magoma, Magunga, Mwelya au Ngombezi ambako wakulima wadogo walianza kulima chini ya mfumo wa SISO, uliowaunganisha na mashamba makubwa, mwishoni mwa miaka ya 1990, au kwingineko: wekeni mita na valvu, ng'oeni mfereji, wekeni mkanda na chujio, zungusheni maji, ozesheni mabaki na kuyarudisha kwa wakulima kwa trela lilelile lililoleta majani. Bwawa dogo lipokee kinachobaki. Biogesi isubiri hadi korona iwe imezunguka msimu mzima bila kusimama kwa siku nyingi.

Kampuni yenye mashamba yake, korona inayozunguka zamu mbili na ng'ombe au wafugaji jirani: fanyeni hayo yote, kisha biogesi inaingia kwa haki. Tangi litakuwa dogo kuliko mngelijenga kabla ya kupunguza maji.

Kikundi cha wakulima walio mbali na korona, maji hakuna: mashine kavu yenye kinga, tangi la kulowesha, na makubaliano ya maandishi na mnunuzi anayepokea singa za daraja la chini kwa ajili ya kamba au magunia.

Kwa wote walio kando ya Mto Pangani na vijito vyake kuna la ziada. Kituo cha kufua umeme cha Hale chenye megawati 21 na kile cha New Pangani Falls chenye megawati 68 vinategemea mto huohuo, na vijiji vya chini vinakunywa na kumwagilia kutoka humo. Bodi ya Maji Bonde la Pangani inatoa vibali viwili tofauti: cha kutumia maji na cha kutiririsha majitaka. Kiwanda kilichopunguza maji kinaomba kiasi kidogo katika vibali vyote viwili, na mwaka wa ukame, mgao unapokatwa, ndicho kinachoweza kuendelea kusinga wakati majirani wamesimama.

Kabla ya kusaini chochote, muulizeni muuzaji maswali haya na jibu liandikwe kwenye mkataba: lita ngapi za maji safi kwa tani ya singa kavu, zikipimwa kwenye korona yetu, kwa majani ya aina ya 11648 tunayovuna sisi, wakati wa kiangazi, vipuri vinapatikana Tanga au vinaagizwa nje, na singa zikishuka kutoka 3L kwenda UG katika miezi ya majaribio, nani anabeba hasara. Malipo ya mwisho yasitoke hadi mita ithibitishe lita hizo kwa mwezi mmoja wa kazi ya kawaida.